Kupata kazi ya foto kwa magazeti: yale tuliyojifunza, na deni tulilo nalo

Maneno ya kikundi cha wapiga foto mbele ya mkutano mkuu wa shirika, Baraka



Kamati imetuomba tueleze mambo mawili. La kwanza, kijana wa kwetu anayejua kushika kamera afanye nini ili magazeti yanunue foto zake. La pili, zile dola 400 tulizokopa kwenye sanduku la shirika zimefika wapi. Tutajibu yote mawili. Katikati tutasema kosa moja ambalo wengi wenu mmelisikia barabarani, lakini hamjalisikia kutoka kwetu wenyewe.

Sisi ni watano. Watatu walijifunza kazi hii kambini Nyarugusu, wawili wamejifunzia hapa hapa. Kambini kulikuwa na foto za aina mbili. Kuko zile tulizojilipia wenyewe: ndoa, ubatizo, mtoto aliyemaliza darasa. Kwenye hizo mtu alivaa nguo yake nzuri, na jina lake liliandikwa nyuma kwa biki. Na kuko zile walizotupiga wageni tukiwa kwenye foleni ya maji au ya mgawo. Hizo hatukuziona tena, na hakuna aliyetuuliza majina. Tuwaombe mkumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

Gazeti linanunua nini

Tulianza kwa kuandikia magazeti ya Kinshasa. Tulifikiri gazeti lenye jina kubwa liko na pesa kubwa. Tulichokuta ni kwamba waliotujibu hawakuwa na pesa za kununua foto kwa mtu wa nje. Walikuwa tayari kuzipokea bule na kuweka jina letu chini. Na hapa kwetu wote mnaijua ile desturi ya kupaje, yaani mwenye mkutano au mwenye sherehe anampa mwandishi kitu mkononi ili habari yake itoke. Tuseme wazi: mpiga foto anayekula kupaje ameshauza foto yake kwa yule aliye ndani ya foto. Gazeti likija kujua, halitamwita tena. Sisi tumekubaliana kutoipokea, hata siku ambazo nyumbani hakuna unga.

Pesa ya kweli, ingawa ni ndogo na haiji kila mwezi, inatoka sehemu tatu. Kuko mashirika ya habari kama AFP, Reuters na AP, ambayo yanauzia magazeti ya dunia nzima. Hayawezi kuweka mtu wa mshahara kila teritwari, kwa hiyo huko mbali yanatumia watu wanaolipwa kwa kazi moja moja, wale ambao kwa Kifaransa wanaitwa pijisti. Kuko magazeti ya nje, hayo yanamtafuta mtu siku habari ikitokea, yakimaliza yananyamaza mwaka mzima. Na kuko magazeti ya intaneti ya nchi yetu, ambayo mengine yanalipa kidogo kama foto imekuja na habari yake kamili.

Wote hao wanauliza kitu kimoja: huyu mtu aliyetuma foto, tunaweza kumwamini? Foto nzuri kuko nyingi sana duniani. Mhariri aliyekaa Nairobi, Dakar au Paris hajui Baraka iko wapi. Akiweka foto yako, anaweka jina la gazeti lake juu ya neno lako. Ndiyo maana tunasema kwamba kazi hii, nusu yake ni kamera, na nusu ni yale maneno unayoandika chini ya foto.

Na kuaminika kunavunjika siku moja. Mwaka 2006, wakati wa vita ya Lebanoni, mpiga foto mmoja aliyekuwa anafanyia Reuters kazi kwa kulipwa foto moja moja aliongeza moshi kwa kompyuta juu ya foto ya Beirut. Watu waliona. Reuters iliacha kufanya kazi naye, na ikaondoa sokoni foto zake zote, zaidi ya 900, hata zile ambazo hazikuwa na kosa. Fikiri kazi ya miaka inafutika juu ya moshi wa kuongeza. Kwa hiyo kijana, kuangaza kidogo foto yenye giza na kukata pembeni, sawa. Kuondoa mtu, kuongeza kitu, kumwambia mama “rudia kulia vizuri”, hapana.

Mlango unafunguliwa namna gani

Tunaeleza vile tulivyofanya, na makosa yake.

Kwanza, usitume foto 200. Chagua 12 au 15, zile ambazo kila moja inasema jambo lake. Tia ndani soko, shamba, kanisa, ziwa, mkutano wa wazee. Mhariri anataka kuona kwamba unajua kufanya kazi siku ya kawaida, si siku ya kilio peke yake.

Pili, barua iwe fupi. Sema unaitwa nani, unakaa wapi, unasema lugha gani, na unaweza kufika wapi kwa moto au kwa mtumbwi na kwa saa ngapi. Sisi mwanzoni tuliandika ukurasa mzima juu ya mateso yetu. Hakuna aliyejibu. Tulipoandika kwamba tunakaa Baraka, tunasema Kiswahili, Kibembe na Kifaransa, na tunaweza kufika Mboko au Fizi siku hiyo hiyo barabara ikiwa nzuri, tulipata jibu la kwanza. Kile ambacho sisi tulikiona cha kawaida ndicho kwao kilikuwa na bei.

Tatu, peleka habari, usipeleke foto tupu. “Niko na foto za wavuvi” haisemi kitu. “Wavuvi wa hapa wanavua usiku kwa taa za solari, na bei ya dagaa imepanda, niko na foto za usiku mmoja ziwani na za asubuhi sokoni”, hiyo ni habari.

Nne, haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira. Mnakumbuka nyumba zilizobebwa na watu waliokufa. Wawili wetu walikuwa huko kwa ndugu zao, wakapiga foto tangu jua linatoka. Halafu walikaa siku mbili wanachagua, wanasafisha, wanatafuta mega. Siku ya tatu ndipo walizituma. Jibu lilikuwa: aksanti, tumeshapata. Tangu siku hiyo, habari ikitokea tunatuma foto tatu ndani ya saa ya kwanza, zingine zinafuata. Na katika simu kuna mega ambayo haiguswi kwa muziki wala kwa kuongea na wachumba.

Tano, namna ya kutuma. WhatsApp ukiituma foto kama foto inaipunguza ukubwa, na maneno uliyoyaandika ndani ya faili yanapotea. Itume kama dokima, au kwa barua pepe. Usisahau kuandika jina lako ndani ya faili yenyewe.

Sita, wageni wakipita, usiwakimbie na usiwaombe pesa. Mwandishi anayetoka mbali anahitaji mtu wa kumwonyesha njia, kumtafsiria na kumwambia shefu gani asalimiwe kwanza. Hiyo nayo ni kazi yenye malipo. Kazi yetu ya tatu ilitoka kwa mwandishi mmoja ambaye tulimtembeza siku nne. Alirudi kwake, akatoa namba yetu kwa mwenzake.

Na tusiseme kwamba mambo haya ni ya wazungu peke yao. Mwaka 2020 tuzo ya Carmignac ya uandishi wa foto ilikuwa juu ya Kongo, na aliyeipata ni mpiga foto wa nje, Finbarr O'Reilly. Korona ikafunga mipaka. Kazi ikageuzwa: wapiga foto na waandishi wa Kongo ndio walioendelea kuileta kutoka mahali walipo, kwa jina la Congo in Conversation. Ndani yake walikuwa vijana wa Goma kama Arlette Bashizi na Moses Sawasawa. Ndege iliposimama, aliye mahali pake ndiye aliyekuwa na kazi. Wale ni Wakongo kama sisi.

Usalama wako unapita foto

Mama zetu wametuuliza mara nyingi kama kazi hii haitawaletea vijana matatizo. Inaweza. Kwa hiyo tuko na kanuni. Askari, bariere, bandari, daraja, kiwanja cha ndege: kamera inakaa ndani ya mfuko mpaka mwenye mamlaka aseme ndiyo. Kabla ya kuingia lokalite tunamsalimu shefu na kumwonyesha barua. Tunatembea wawili. Na foto ya mtu aliyeumizwa, au mtoto ambaye wazazi wake hawako, hatuipigi ikionyesha uso, hata gazeti likiitaka.

Kosa letu

Sasa tufike kwenye lile jambo.

Foto ya kwanza tuliyouza ilikuwa ya mama mmoja wa shirika letu. Yuko hapa kati yetu leo. Ametupa ruhusa tuseme habari hii bila kutaja jina lake, na tumemsomea maneno haya kabla ya kuja mbele yenu.

Alikuwa anatoka shambani baada ya mvua, jembe begani, mtoto mgongoni. Tulimuuliza kama tunaweza kumpiga foto, akakubali, akacheka. Foto ilitoka nzuri sana. Usiku ule tulipoandika maneno ya chini, tulikuwa na haraka, na tulikuwa tumesikia kwamba magazeti yanapenda neno moja. Tukaandika: “Mkimbizi, Fizi.” Maneno mawili. Hatukumuuliza jina lake. Hatukuandika kwamba ni mwenyeji aliyerudi kwao, na kwamba shamba lile ni la baba yake. Gazeti moja la intaneti lilitulipa dola 25. Tulinunua soda.

Wengi hamkujua kwamba wakati ule mama alikuwa na kesi ya shamba lile kwa shefu wa lokalite. Alipokimbia, mtu mwingine aliingia ndani ya shamba, na aliporudi mtu yule hakutaka kutoka. Ni habari ambayo nusu ya watu walioketi hapa wanaijua kwa mwili wao. Kesi ilikuwa karibu kuisha kwa upande wa mama. Siku ya baraza, mshtaki wake alitoa simu mfukoni, akamwonyesha shefu foto yetu. Akasema: “Muangalie wenyewe, gazeti njo inasema huyu ni mukimbizi. Mukimbizi iko na shamba gani hapa?”

Watu walicheka. Shefu hakucheka, lakini alisukuma kesi mbele miezi miwili ili atafute mashahidi. Msimu wa kupanda wa Septemba ukapita. Wazee watatu wa shirika walikwenda kushuhudia, na mama alipeleka karatasi yake ya HCR ya kurudi kwa hiari. Shamba lilirudi kwake. Msimu haukurudi.

Tulikwenda kumwomba msamaha. Hakutufukuza. Alituuliza swali moja: “Sasa ninyi, mulikuwa pamoja na mimi kule Nyarugusu. Munajua kama tulirudi. Ile neno mulitosha wapi?” Hatukuwa na jibu. Neno lile tulilitoa kwa wale waliotupiga foto kwenye foleni. Tulirudi kwetu, tukapata kamera, tukafanyia mama yetu kile tulichokichukia tulipofanyiwa.

Tuliandikia gazeti. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa, na maneno yakabadilishwa, siku tisa baada ya kuomba. Zile dola 25 tulimpelekea mama. Na msimu wa Februari sisi watano tulikwenda kulima naye mpaka shamba lote likapandwa. Hatusemi haya ili mtusifu. Tunayasema kwa sababu vijana wanaotaka kujifunza kazi hii wajue kwamba makosa ya mpiga foto yanaliwa na mtu mwingine.

Tangu hapo hatutumi foto bila mambo matano: jina la mtu vile anavyolitaka mwenyewe, anafanya nini pale, ni mahali gani hasa, ni tarehe gani, na hali yake ni gani kwa maneno yake. Kama ni rapatriye, tunaandika amerudi. Kama amekimbia vita na yuko ndani ya nchi yake, tunaandika hivyo. Mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka na bado hajarudi. Tunamsomea maneno kabla ya kutuma. Kama jina lake linaweza kumletea hatari, tunaliacha, na tunamwambia mhariri sababu. Mambo hayo yanachukua dakika kumi.

Tutasema pia kitu ambacho hatukukitegemea. Wahariri wawili wameturudilia juu ya maneno hayo hayo. Mmoja alituandikia kwamba foto zetu haziko nzuri kuliko za wengine, lakini haimlazimu kupiga simu kuuliza nani ni nani.

Mambo ya makuta

Kabla ya kufanya kazi, uliza bei kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Uliza foto itatumika mara moja au siku zote. Kuuza foto itumike mara moja ni sawa na kukodisha shamba. Kuuza haki zote ni kuuza shamba. Nchi yetu iko na sheria ya haki za mtunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, usikubali kuambiwa kwamba foto ya intaneti haina mwenyewe. Tuma fakitire siku ile ile. Andika ndani ya daftari nani analipa lini, maana wengine wanalipa baada ya miezi miwili, na kuko mmoja ambaye mpaka leo hajalipa.

Sasa zile dola 400. Zilinunua kamera moja ya mtumba, lenzi yake, betri mbili na kadi mbili za memori. Tumerudisha dola 260. Kati ya hizo, 95 zimetoka kwa magazeti. Zile 165 zimetoka kwa ndoa, ubatizo na foto za pasipoti. Tunataka kila kijana asikie hesabu hiyo vizuri. Anayefikiri ataacha shamba au duka lake na kuishi kwa magazeti, atalala njaa. Ndoa ndiyo inayolipa deni. Gazeti linafungua njia, na linafanya habari za kwetu ziandikwe na mtu wa kwetu.

Limebaki deni la dola 140. Tunaomba mkutano utukubalie kulilipa kwa miezi saba, dola 20 kila mwezi. Wengine mlisema tuombe kamera ya pili. Tumekaa, tumeona hapana. Sanduku hili ni la mgonjwa na la mazishi pia, na haifai mtu aombe mkopo mpya kabla hajamaliza wa zamani. Lakini kamera tuliyo nayo inalala siku nyingi za juma. Tumewaomba mabinti wawili wa shirika waje kuitumia Jumanne na Alhamisi. Kuko mama wengi ambao hawataongea mbele ya kijana mwanamume, na habari zao hazitoki.

Kwenu wafadhili, tuko na ombi moja, na tunalitoa kwa heshima. Mkija kutembelea kazi mnazotusaidia, mnahitaji foto za ripoti, na ni haki yenu kuona pesa zenu zimefanya nini. Tupeni kazi hiyo sisi, kwa bei tutakayopatana. Na mkiweka foto ndani ya ripoti, wekeni na jina la mtu, na kazi anayofanya. Yule mama si “mnufaika”. Ni mkulima, ana jina, na msimu huu ana mihogo ya kuuza.

Anayetaka kujifunza aje Jumamosi saa tisa hapa kwenye ofisi ya shirika. Si lazima uwe na kamera, simu inatosha kuanza. Lete daftari na biki. Juma la kwanza hatutapiga foto hata moja, tutajifunza kuuliza mtu jina lake na kuliandika bila kosa.

Aksanti kwa wazee waliokwenda kushuhudia, na aksanti kwa mama.